Mwili wa Mke Mwenzangu

Temeke, Jumatatu, 3 Machi 1975

Mwalimu Demetria kasema asiyeandika kila siku herufi zitamtoka kabla ya mtihani wa kisomo cha watu wazima wa Agosti. "Andikeni mnachokiona nyumbani," kasema, "msiniletee methali." Haya. Mie nyumbani kwangu namwona Mauwa. Ukikaa nyumba moja na Mauwa huoni kingine. Akisimama mlangoni, sebule inaingia giza.

Astaghfirullah. Lakini ni kweli, na mwenyewe anajivunia.

Mauwa ndiye mke mkubwa, mie mdogo. Mume wetu Mwinshehe yuko kiwanda cha nguo. Mauwa ni kungwi, na wala si kungwi wa kubahatisha. Mtu akitaka kuoza binti yake huku Temeke anamleta kwake awekwe ndani, alishwe wali wa nazi, kuku, uji wa samli, mpaka mtoto wa watu atoke na shingo ya pingili na mashavu ya kung'aa. Watu wakimwona Mauwa mwenyewe, na mikono yake ile, hawaulizi swali. Nani atampeleka mwanawe kwa kungwi mkavu?

Hata mie aliniweka ndani kabla sijaolewa na mume wake mwenyewe. Alinilisha mwezi mzima, nikatoka kama nilivyoingia. Mtaa ulicheka, na Mauwa hajanisamehe. Mpaka leo ananiita Ufito. "Wee Ufito, chakula changu ulikipeleka wapi?"

Alhamisi, 6 Machi

Joto. Mvua inatishia tu. Dukani upo unga wa njano peke yake, na foleni mpaka barabarani.

Jumapili, 9 Machi

Leo Mauwa kaniita uani nimsugue mgongo, mkono wake haufiki. Hii ndiyo kazi yangu kila Jumapili, nayo huwa naifanya nimenuna. Nikamsugua kwa dodoki, akageuka kuchota maji, nikaona titi la kushoto. Chuchu imeingia ndani. Ngozi pale pembeni ina vishimo vishimo, kama ganda la chungwa.

Nikamuuliza, "Dada Mauwa, hiki nini?"

"Joto."

"Joto linaingiza chuchu ndani?"

Akauchukua mkono wangu akaubonyeza pale, kwa nguvu sana, maana titi lake ni zito na lazima uzame. Chini kabisa nikakuta kitu kigumu. Hakikusogea.

Kasema kipo tangu Ramadhani. Alidhani mafuta yamejikunja.

Jumatano, 12 Machi

Nimemwambia Mwalimu Demetria baada ya kipindi. Ana binamu yake daktari mjini. Katuandikia kikaratasi, twende Ijumaa.

Ijumaa, 14 Machi

Nitaandika yote, hata nikichoka mkono.

Tulimwambia Mwinshehe tunakwenda kutazama vitambaa. Hospitali Mauwa akapandishwa mizani, mshale ukaenda mpaka mwisho ukagota. Nesi akaita mwenzake, wakashauriana, wakampeleka stoo apimwe kwenye mizani ya magunia. Njia nzima watu wanatazama. Mauwa akapanda pale akasimama wima kama bibi harusi, akasema, "Andikeni: mchele, daraja la kwanza." Stoo nzima ikacheka. Mie pia nilicheka. Halafu nikaona vidole vyake vinasokota pindo la khanga.

Daktari Revelian, yule binamu yake Mwalimu Demetria, ni kijana mrefu, sauti ya chini. Alipapasa titi, akapapasa kwapa, akarudi tena kwapani. Akamuuliza amekihisi lini. Alipoambiwa Ramadhani, akaweka kalamu mezani.

"Mbona hukuja, Mama?"

"Ningekujaje, mwanangu? Mie nimejaa vifundo vya mafuta mwili mzima. Nikikimbilia hospitali kwa kila kifundo si nitahamia?"

Akasema ni kansa. Nilimwomba alitamke tena ili nije kuliandika sawasawa. Halafu akasema maneno ambayo sijawahi kuyasikia popote. Ile kampeni ya Mtu ni Afya redioni ilitufundisha choo na mbu, mafuta ya mwilini hawakuyagusa.

"Kwa mwenye mwili mkubwa kinajificha mpaka kimeshakua," alisema. "Na si kujificha tu. Mafuta haya hayakulala, Mama, yanafanya kazi. Ukishakoma hedhi, yenyewe yanaendelea kutengeneza kitu kinaitwa homoni, na kansa za namna hii nyingi zinakula humo. Mengine bado hatuyajui, wakubwa wetu wanabishana vitabuni. Ila tunaloliona ni kwamba kwa wanene mara nyingi inakuja kwetu imechelewa, inatambaa upesi, na ukiikata inapenda kurudi."

"Sasa?"

"Sasa titi lazima likatwe. Lakini si leo. Presha iko juu, sukari iko juu, nikikulaza leo kwa dawa ya usingizi huenda usiamke. Meza dawa hizi, na upungue. Acha nazi, acha samli, acha mafuta. Mwisho wa Aprili uje, nikuone umeshuka, nikukate siku hiyo hiyo. Zaidi ya hapo sitaki kungoja."

Mauwa hakulia kwa titi. Alilia kwa kupungua. Daktari wa watu kaduwaa, anamwangalia mtu mzima analia kama kafiwa. "Baba, nikikonda nani atanipa mwanawe? Si watasema nimeugua?"

"Lakini umeugua, Mama."

Kituo cha basi akanishika mkono. "Tabu," kasema. Hakusema Ufito. "Mwinshehe asijue kama nakatwa. Wala jirani. Nitamwambia mwenyewe nikiwa kitandani, nguo za hospitali mwilini, asiweze kunirudisha."

"Na chakula?"

"Utapika wewe. Usinipe nazi hata nikikulilia. Apa."

Nimeapa. Sijui nimeapa nini.

Jumatatu, 17 Machi

Mvua imeshuka, tena kwa kishindo. Mchicha wa kuchemsha, samaki wa kuchoma, ugali kidogo. Mauwa kala, kasema mchicha huu angepewa mbuzi angeshitaki.

Jumanne, 25 Machi

Maulidi. Pilau la mtaa limepikwa barazani kwetu. Mauwa kaweka mkono kwenye sinia akautoa mtupu, mara nyingi, ili aonekane anakula. Nani asiyemjua Mauwa kwenye sinia? Wanawake wamemwona. Mama Kasiani, jirani yetu, mke wa balozi wetu wa nyumba kumi, ni Mkristo lakini kwenye pilau la Maulidi hakosi. Alimtazama Mauwa, halafu akanitazama mie.

Jumamosi, 29 Machi

Mvua. Paa linavuja upande wangu.

Alhamisi, 3 Aprili

Amelia. Alikaa jikoni akinitazama nakuna nazi ya Mwinshehe, machozi yanamtiririka, akasema, "Tabu, nipe hata chicha." Nikamwambia umeniapisha. Akanitukana matusi ya unyagoni ambayo hata mwalimu akinipa maksi siyaandiki. Kisha akacheka, tukacheka wote, akaenda kulala na njaa.

Miaka yote niliyokaa hapa nilidhani huyu mtu tumbo lake ndilo roho yake. Sikumjua.

Jumanne, 8 Aprili

Khanga zinamwanguka. Mashavu yameshuka. Mwinshehe kamuuliza mezani, "Mauwa, una nini?" Kajibu, "Joto." Nje mvua inapiga mabati hata kusikilizana tabu.

Ijumaa, 11 Aprili

Mama mmoja wa Keko, aliyemleta binti yake awekwe ndani kwa Mauwa, kaja kumchukua. Mwali hajamaliza hata nusu ya siku zake, na alikuwa ananenepa vizuri, maana Mauwa alikuwa anampikia kwa mkono wake mwenyewe huku yeye anakula mchicha. Mama wa Keko hakusema sababu. Alimtazama Mauwa tu kuanzia shingo kwenda chini, akasema, "Pole na kuuguza." Kuuguza nani?

Mauwa kakaa kwenye mkeka wa mwali mpaka alasiri.

Jumapili, 13 Aprili

Sasa nayasikia waziwazi. Kwenye foleni ya unga mbele yangu walikuwa wanasema, "Mke mdogo kamkausha mwenziwe. Jiko lote kashika yeye." Mwingine akasema, "Na anasoma siku hizi, ndiyo ujanja anaotoka nao kisomoni." Niligeuka, wakanisalimia vizuri.

Nilitaka kupiga kelele pale pale. Lakini nimeapa. Na hata nisingeapa, nani atamwamini mke mwenza anayesema namnyima chakula ili apone?

Jumatano, 16 Aprili

Mama Kasiani kaleta kuku wa nazi, kafunika kwa kawa. Nikapokea, nikashukuru, nikampa Mwinshehe. Kumbe kanikodolea macho dirishani. Kasubiri aone kitakwenda kwa nani.

Jumapili, 20 Aprili

Walikaa barazani kwetu baada ya alasiri. Mzee Polikarpo, balozi wetu, kaacha kuchonga vinyago vyake akaja na vumbi la mpingo mikononi. Mama Kasiani, wazee wa Mwinshehe kutoka Mbagala, na majirani wa pande zote wakisingizia wanajikinga mvua.

Mzee Polikarpo ni mtu mwema, niandike hilo. Kaanza taratibu. "Binti Tabu, serikali imesema tugawane kidogo tulicho nacho. Sasa hapa tunaona nyumba moja, mmoja anashiba mmoja anapukutika. Tusaidie kuelewa."

Nikamtazama Mauwa. Alikaa kwenye kiti, khanga kajifunga mpaka shingoni, anatazama miguu yake.

"Muulizeni mwenyewe," nikasema.

Mwinshehe akamgeukia. Macho yalikuwa yamemtoka, na hapo ndipo nilipojua kuwa mume wetu anaogopa. "Mauwa, mke wangu. Nilikuoa mwili umejaa, sasa nakuona unaisha mbele ya macho yangu. Mbele ya watu hawa nakuuliza. Unanyimwa chakula?"

Nilijisemea kimya kimya, sema, Dada Mauwa. Sema hospitali. Sema titi. Sema hata sukari tu. Wanaume wameinama, wanawake wameinua shingo. Nikaona mkono wake unapanda kifuani upande wa kushoto, halafu ukashuka. Nikaelewa kuwa hawezi. Kungwi aliyewafundisha wake zao wote kuutunza mwili, asimame barazani aseme titi lake linakatwa na kutupwa?

"Nina njaa, Mwinshehe," akasema.

Ndivyo alivyosema. Na hakusema uongo.

Baraza likaguna. Shangazi yake Mwinshehe akatema mate mlangoni kwangu. Mwinshehe hakunipiga, hakupaza sauti. Alisema tu, "Kuanzia leo Mama Kasiani atasimamia sahani ya Mauwa. Tabu atapika, na atapika nazi."

Nimepika nazi. Wamekaa wakamtazama anakula. Amekula akilia, na wao wanasema masikini, tazama njaa aliyokuwa nayo.

Jumatatu, 21 Aprili

Nilimuuliza kwa nini. Kasema, "Niliona macho ya Mwinshehe." Basi.

Alhamisi, 24 Aprili

Kuku. Uji wa samli. Maandazi. Mtaa mzima unashindia unga wa njano, lakini kwa Mauwa vinatoka vitu sijui vilikuwa vimefichwa wapi. Kila mtu anataka kuwa ndiye aliyemrudisha. Na yeye anakula. Siwezi kusema anakula kwa shida. Anakula kama Mauwa.

Jumatano, 30 Aprili

Tumekwenda hospitali, mara hii tukisema tunakwenda kuzuru mgonjwa. Daktari Revelian kasoma mizani ya magunia, kasoma tena. Sukari imepanda kuliko mwanzo. Kapapasa kwapa, kakuta vingine vitatu ambavyo havikuwapo. Alikasirika, nikafurahi kwamba angalau mtu mmoja kakasirika.

"Nilisema nini, Mama?"

Mauwa akasema, "Nilikula."

Kampa dawa nyingine, kasema turudi baada ya wiki mbili, ataongea na mkubwa wake wajaribu kukata hivyo hivyo, na hatari zake. "Mje na mume," akasema. Njiani Mauwa hakunishika mkono.

Jumatatu, 5 Mei

Mvua haijakatika. Maji yameingia chumba cha mwali.

Jumamosi, 10 Mei

Mkono wa kushoto umevimba, bangili imekwama. Mama Kasiani kaushika mbele za watu akasema, "Mnaona? Nyama inarudi." Wakapiga vigelegele. Vigelegele, jamani, kwa mkono ule!

Nimevunja kiapo. Jioni Mwinshehe alipotoka kazini nilimsubiri njiani nikamwambia yote, kansa, titi, mchicha, kiapo. Mvua inatunyeshea wote wawili. Nilitegemea atanipiga. Alichuchumaa pale pale kwenye tope akashika kichwa.

"Mimi ndiye niliyesema apewe nazi," kasema.

"Hukujua."

"Kwa nini hamkuniambia?"

Niseme nini? Kwa sababu ulimpenda vile alivyo, akaogopa usije ukampenda pungufu. Sikusema. Nilimshika kwapani nikamwinua.

Jumatano, 14 Mei

Mauwa kagoma kwenda. Mwinshehe kamwambia, "Likatwe, nakutaka wewe." Mauwa kamjibu, "Sasa ndiyo unasema?" Kaniangalia mie kwa hasira, mara ya kwanza tangu ugonjwa uanze. Kajifunika.

Ijumaa, 23 Mei

Amekubali. Barabara imekatika darajani, mabasi hayapiti.

Jumanne, 27 Mei

Tumefika. Hawatakata. Mkubwa wake Daktari Revelian kabonyeza ini, kagonga tumbo kwa vidole, kasema kwa Kiingereza maneno machache. Daktari Revelian katutafsiria mengi, lakini mie niliyaelewa yale machache. Imeshatembea. Imeingia mpaka mifupani.

Nikamfuata nje. Nikamuuliza kama angekatwa mwisho wa Aprili angepona. Nilitaka aseme ndiyo nimchukie mtu, au aseme hapana nilale. Akasema, "Dada yangu, sijui. Ilikuwa na mbio sana. Ilikuwa nafasi tu." Kavua miwani akaifuta, na haikuwa na kitu.

Jumapili, 1 Juni

Nimemsugua mgongo. Sasa naisikia mifupa ya bega, lakini tumbo linakua. Kasema, "Ufito, sugua, usinipapase kama yai."

Jumatatu, 9 Juni

Mvua zimekwisha. Jua zuri, na kila mtu kaanika.

Tumbo limejaa, miguu imejaa, uso umejaa. Ni maji. Daktari aliniambia yatakuja. Lakini ukimwona amekaa kitini barazani na khanga imekaza, ni Mauwa yule yule wa zamani. Watu wanapita wanashangilia. "Mwili umerudi! Alhamdulillahi, mwili umerudi!" Nimewaambia ni maji, ni ugonjwa. Mama Kasiani kanishika bega kwa upole kabisa, kasema, "Mwanangu, acha wivu sasa. Mwenzio kapona."

Mauwa anawapungia mkono. Nilimuuliza kwa nini hawaambii. Kasema, "Wanafurahi. Niwanyang'anye na hilo?" Halafu akasema anataka kujiona. Nikamletea kioo. Alijitazama muda mrefu, akarekebisha kilemba. Akapenda alichokiona. Mie nikaingia jikoni nikalia mpaka pua zikaziba.

Alhamisi, 19 Juni

Mauwa hali tena chakula. Sahani zinakuja, zinajaa nzi. Mwinshehe hajaenda kazini siku hizi mbili, anakaa mlangoni kwa Mauwa.

Jumamosi, 21 Juni

Kaniambia, "Nilikulisha mwezi mzima hukunenepa. Ungejua nilivyokuwa naumia." Nikamwambia nilikuwa nakula, wallahi, nilikuwa namaliza sahani. Kasema, "Najua. Mungu aligawa tu."

Jumanne, 24 Juni

Mauwa amefariki baada ya adhuhuri.

Jumatano, 25 Juni

Tumemwosha uani, pale pale nilipokuwa namsugua siku zote. Tulikuwa wanawake sita kumgeuza. Mgongo wake niliomba niuoshe mie. Waoshaji wakaona titi, vidonda vyake. Yule mkubwa wao akalifunika na kitambaa haraka, akasema tuliyoyaona kwenye kuosha yasitoke nje. Hayatatoka. Kesho kila mmoja atajibonyeza kifuani peke yake chumbani, na hatamwambia mtu.

Ijumaa, 27 Juni

Arobaini mbali, lakini leo ni siku ya tatu, tumesoma hitima. Wali ulipikwa kwa nazi. Nimeshindwa kuumeza.

Baada ya kula wanawake wakanizunguka kwenye mkeka. Yule shangazi yake Mwinshehe aliyetema mate mlangoni kwangu kanikumbatia kwa nguvu. Mama Kasiani kasema kwa sauti ili wasikie mpaka wanaume nje, "Tulimsema vibaya huyu mtoto. Lakini tangu siku ile ya baraza alipika, hakuchoka. Mwenziwe kafa na mwili wake." Wote wakaitikia. Kafa na mwili wake. Hakuisha kama wagonjwa wengine. Jeneza lilikuwa zito, wanaume walipokezana.

Kisha mama wa Keko akasogea. Yupo na binti yake, yule mwali, ndoa ilisogezwa mbele kwa ajili ya mvua. Kaniinamia sikioni, kasema msiba ukiisha angependa kumleta. Kwamba aliyemlisha mgonjwa akarudi vile, mzima hatamshindwa. Kwamba Mauwa mkono wake ameniachia mie.

Mtu akisifiwa matangani kwetu hashindani. Nikasema ahsante.